Mbegu ya Vyungu Sitini na Nne

Karibu na Oyugis
Jumapili, 16 Machi 2025

Kaka yangu Barnabas,

Nakusalimu wewe pamoja na hiyo baridi ya Ulaya uliyosema inauma masikio. Sisi tuko wazima. Liz ameota jino la pili, na siku hizi ananiuma akinyonya, halafu ananiangalia usoni aone kama nitalia. Shemeji yako Willis bado yuko kwa mjengo Homa Bay, anakuja nyumbani Jumamosi na kurudi Jumatatu. Mama nilimpigia huko Kegonga Jumanne. Goti limepona, anasema sasa ni la upande wa pili ndilo linaona wivu.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu ni kabambe, ile ndogo ya kubonyeza, na wewe ukipiga unakatika kila nikiuliza jambo la maana. Lynnet wa saiba, lile duka la intaneti hapo Oyugis, amekubali kupiga barua yangu picha akutumie, na yako atanichapishia nikienda siku ya soko. Usiandike siri sana. Lynnet anasoma. Amesema mwenyewe kwamba anasoma.

Sasa nisikilize. Kanisani wanamuuliza mama, kijana wako anafanya kazi gani huko, naye anasema "kompyuta". Juzi mzee Ombui akamuuliza, "Anazitengeneza ama anaziuza?" Mama akasema atauliza. Aliponiuliza mimi, nikasema nitakuuliza wewe. Niliachia masomo Form Two, lakini si ati sisikii nikielezwa. Nieleze polepole, kama vile ulinifundisha kugawanya kwa kutumia punje za mahindi.

Habari nzuri ya mwisho. Mvua ilikuja mapema, na mama mkwe wangu yuko Asumbi tangu mwisho wa Februari kumwangalia binti yake aliyejifungua. Wenzangu humu bomani wamekaa tu na mbegu ndani ya nyumba, sijui wanangoja nini. Mimi nimepanda njugu zangu, mistari kumi na nne, na tayari zimechungulia. Wa kwanza boma zima! Ungeniona ungesema huyu ni Mkuria kweli.

Ni mimi mdogo wako,
Gesare


6 Aprili 2025

Gesare, Mama Liz,

Salamu nyingi. Mwambie Liz mjomba anamwomba aume polepole, chakula ni hicho hicho kimoja. Mimi sijambo. Theluji imeisha, na jana nilitembea bila kofia kwa mara ya kwanza tangu Novemba.

Kazi yangu ni hii. Hapa kuna watu wanaogonganisha vitu vidogo kuliko vumbi, vidogo hata kuliko kilicho ndani ya vumbi. Tunaviita chembe. Zikigongana, vipande vinaruka na kupita ndani ya mtambo mkubwa kama kanisa, na mtambo unanasa alama zake. Lakini huwezi kujua alama ina maana gani kama hujaigiza kwanza migongano mingi sana ndani ya kompyuta. Chembe ikipita hapa, itageuka? Itasimama? Itazaa nyingine? Hakuna jibu moja, kwa hiyo kila hatua kompyuta inapiga kura, kisha inafuata kura ilivyosema.

Mimi ni wa kuharakisha. Kompyuta tuliyopewa ina bongo sitini na nne ndani ya kipande kinachotosha kwenye kiganja chako. Kila ubongo peke yake ni wa polepole, nguvu yao ni kufanya kazi pamoja. Na programu yetu ni ya zamani, iliandikwa kwa ajili ya ubongo mmoja wenye mbio. Ukiwapa wafanyakazi sitini na nne kama hao, wanakanyagana. Mwanzoni kila mmoja alibeba ramani yake nzima ya mtambo, na nafasi ikaisha. Tukabandika ramani moja ukutani: wote wanaisoma, hakuna anayeruhusiwa kuichora. Hiyo ikasaidia. Halafu nikaiona foleni. Wote walikuwa wakitoa kura kutoka chungu kimoja chenye kifuniko. Mmoja akiingiza mkono, sitini na watatu wamesimama.

Mwezi uliopita nikampa kila mmoja chungu chake. Gesare, walikimbia! Kazi ya siku nzima ikaisha kwa saa moja na nusu. Kila chungu kinaanzishwa kwa namba moja tunayoiita mbegu, na kura zote zinaota kutoka kwa hiyo mbegu. Nikalinganisha wastani na ule wa zamani, ukawa sawasawa. Niliwaonyesha wakubwa, wakapiga makofi, na watu wa vikundi vingine wameshachukua hesabu zangu wanazitumia.

Sasa jambo la nyumbani. Mkataba wangu unaisha tarehe 31 Agosti. Tarehe 28 mwezi huo huo kuna mkutano. Programu hii ikipokelewa, napata miaka mitatu. Isipopokelewa, nafasi inaenda kwa kikundi kingine nami nafunga sanduku. Lakini naona itapokelewa. Mwambie mama.

Kaka yako,
Barnabas


Karibu na Oyugis
27 Aprili 2025

Kaka Barnabas,

Habari za tangu siku ile? Liz anatambaa, tena kwa kurudi nyuma kama gari linaloegeshwa. Willis anakusalimu. Mama mkwe amerudi. Ya njugu usiulize.

Mama nilimweleza yote kwa simu, naye akaeleza kanisa zima. Sasa mzee Ombui anasema, "Kumbe kijana anapiga kura kule! Kwa hivyo ni siasa?" Mama amekasirika, anasema nilieleza vibaya. Tafuta neno lingine.

Lynnet aliisoma barua yako kabla yangu. Akaniambia, "Ndugu yako anachunga vitu ambavyo havionekani." Nikamjibu, "Na wewe unauza intaneti, umewahi kuiona?"

Nilikuja nikaisoma tena nikimlaza Liz, na nikaielewa mpaka pale kwa vyungu. Hapo nikakwama. Unasema kila chungu kina mbegu. Hizo mbegu ulizitoa wapi? Mimi najua ukipanda mbegu ile ile kwa vyungu sitini na nne, utavuna kitu kile kile mara sitini na nne. Kama ni hivyo, haja ya wafanyakazi wengi ni gani? Si ungemwacha mmoja afanye? Ama mbegu ya kompyuta si kama yetu? Usicheke. Lynnet amecheka vya kutosha.

Miaka mitatu! Nimeanza kuihesabu kama ni yangu. Liz atakuwa anaenda nasari.

Gesare


8 Juni 2025

Gesare,

Salamu. Mimi mzima. Samahani kwa kuchelewa, kazi ni nyingi. Ya vyungu nitakueleza siku nyingine. Kuhusu miaka mitatu, afadhali usimwongezee mama maneno. Na kanisani wasiniombee kwa jina.

Mbusu Liz.

B.


Karibu na Oyugis
22 Juni 2025

Kaka Barnabas,

Tuko wazima, Mungu ni mwema. Liz alishikwa na homa lakini imepita. Mama anakusalimu, anauliza kama unakula.

Barua yako ilikuwa ya mtu anayeandika akiwa amesimama. Sitauliza. Ngoja nikupe yangu ya njugu, kwa sababu mimi pia nilikunyima.

Kumbe huku kwa Wajaluo mbegu haitolewi ovyo. Mama wa boma ndiye anapanda kwanza, wanaita golo kodhi, halafu wake za wanawe wanafuata kwa mpangilio. Ndiyo maana wenzangu walikuwa wamekaa! Na hakuna aliyeniambia. Phanice, mke wa shemeji yangu, alidhani Willis aliniambia, Willis akadhani mama yake aliniambia.

Siku mama mkwe alirudi kutoka Asumbi, alisimama na mfuko wake kando ya shamba langu hata kabla hajafika mlangoni. Phanice alikuwa ndiyo amemaliza kuninong'oneza. Mama mkwe akauliza, "Mama Liz, hizi ni nini?"

Nikasema, "Njugu, mama. Zimejiotea."

"Zimejiotea."

"Ndiyo, mama. Za msimu uliopita."

Akaziangalia. "Zimejiotea kwa mistari?"

Kaka, mistari kumi na nne, na nilikuwa nimeinyoosha kwa kamba!

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alinisalimu vizuri kila asubuhi, lakini tangu siku hiyo, nikisema maji yapo, anaenda kufunua mtungi. Nikisema kuku wamelishwa, anamuuliza Phanice. Wiki saba. Halafu Liz akashikwa na homa, nikaingia kwake mbio, nikasema, "Mama, mtoto anachemka." Kabla hajainuka, alimtazama Phanice kwanza. Mara moja tu, jicho likaenda na kurudi. Hapo ndipo nililia, na si kwa sababu ya homa.

Homa iliposhuka nilienda jikoni kwake nikakaa chini. Nikamwambia, "Mama, hazikujiotea."

"Najua."

"Nilipanda mimi. Sikujua desturi."

Akasema, "Hiyo ya kutojua ni yangu. Mimi ndiye nilipaswa kukuambia ulipoolewa. Lakini ya kujiotea ni yako." Halafu akanisukumia sinia la mahindi. "Haya, pukuchua."

Jana ameniuliza kama kuna maji. Nikasema yapo. Hakufunua.

Njugu zenyewe zilifanywa nini, siandiki. Ni mambo ya boma lao, na Lynnet anasoma.

Gesare


13 Julai 2025

Gesare, dada yangu,

Nawasalimu wote, na huyo mama mkwe wako kwa namna ya pekee. Nimefurahi homa ya Liz imepita. Mwambie mama ninakula.

Sasa na mimi nikae chini.

Siku nilipopata swali lako nilicheka, kama Lynnet. Nikaweka chai jikoni, na hapo swali likanirudia. Chai ikamwagika yote, maana nilikuwa nimerudi mbio kwenye kompyuta. Niliutazama mgongano wa kwanza wa mfanyakazi wa kwanza, kisha wa kwanza wa mfanyakazi wa pili. Chembe ile ile, inageuka pale pale, inasimama hatua ile ile. Wa tatu hivyo. Wa sitini na nne hivyo hivyo. Katika kuondoa ile foleni, nilitengeneza chungu kimoja nikakinakili, na mbegu yake ndani. Kura ya kila mmoja ikawa kura ya mwenzake. Wote walikuwa wakilima mstari mmoja, nami nikahesabu mistari sitini na nne.

Wastani ulikuwa sawa, ndiyo. Kitu kimoja ukikirudia mara sitini na nne, wastani wake haubadiliki. Hicho ndicho kilinidanganya. Lakini mtu anayetafuta chembe adimu haulizi wastani tu. Anatuuliza, mna uhakika kiasi gani? Sisi tulimjibu kama watu walioona migongano milioni sitini na nne, na tumeona milioni moja.

Hiyo ilikuwa mwanzo wa Mei. Kurekebisha kulinichukua asubuhi moja, ni kubadilisha mistari miwili ya maandishi. Kila chungu sasa kina mbegu yake, na mbio hazikupungua. Tangu hapo programu ni safi. Ndiyo maana nilinyamaza. Nilijiambia, kimepona, nani ataumia?

Lakini hesabu za mwanzo ziko mikononi mwa watu. Kuna mwanafunzi chumba cha pili, msichana mpole, ameandika sura nzima ya kitabu chake cha kuhitimu kwa hesabu hizo. Ananishukuru kila tukikutana kwenye ngazi. Nikisema, zote zinafutwa, na programu inarudi kupimwa upya tangu mwanzo. Kupima ni miezi mitatu. Mkutano wa Agosti utapita, na nafasi itaenda na mkutano.

Nilikuwa nimeshaamua kunyamaza mpaka mwisho. Halafu ikaja barua ya njugu. Nimeisoma mara nyingi ile sehemu ya jikoni. Sijui nifanyeje, Gesare. Niambie wewe.

Barnabas


Karibu na Oyugis
3 Agosti 2025

Kaka Barnabas,

Tuko salama. Liz amesimama kwa kushika ukuta, akasimama mpaka akasahau namna ya kukaa.

Barua yako nimekaa nayo wiki mbili. Lynnet aliponipa alinivutia kiti tu, akaenda kusimama nje. Ndipo nikajua ni nzito.

Nilichelewa kwa sababu nataka hiyo nafasi. Nadhani naitaka kuliko wewe. Mama ameshika kichwa juu kanisani tangu Aprili, na mimi nikiwa nafua nguo za mtoto najiambia, kaka yangu yuko mahali pazuri. Siku nne nilikuwa na jibu la kukuambia nyamaza. Nilikuwa nimelipanga vizuri, na maneno yake yalikuwa matamu.

Lakini huyo msichana wa ngazi. Anakushukuru, nawe unaitikia "karibu". Hiyo ndiyo siwezi kuimeza. Mimi nilisema zimejiotea mara moja tu. Wewe unasema kila siku, kila ukipita kwenye ngazi.

Ya kompyuta sijui. Najua tu vile inakuwa mtu akifunua mtungi nyuma yako. Na mimi nilikuwa nimedanganya juu ya njugu, si juu ya kitabu cha mtu.

Mwambie yeye kwanza, kabla ya wakubwa. Mkutano ukipita na nafasi ikaenda, utalia, na sisi tutalia pamoja nawe, halafu tutaendelea kula ugali.

Gesare


31 Agosti 2025

Mama Liz,

Salamu kwa wote. Liz na ukuta wake wamenichekesha katika wiki ambayo sikucheka.

Nilimwambia msichana kwanza, kama ulivyosema, mahali tunapotengenezea kahawa. Aliweka kikombe chini. Hakuuliza kosa lilitokeaje. Aliuliza, "Umejua tangu lini?" Nikasema, "Mei." Neno fupi hivyo, Gesare, na lilikuwa gumu kuliko maelezo yote ya vyungu. Akachukua kikombe chake akatoka.

Siku hiyo hiyo nikaenda kwa mkuu wa kikundi, mama wa makamo anayevaa miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kosa la mbegu hata mimi nimewahi kulifanya nikiwa kijana. Lakini hii miezi mitatu na nusu, sijui niiweke wapi." Nilikaribia kumwambia kwamba kuna mama mkwe mmoja karibu na Oyugis anajua pa kuiweka.

Wote waliochukua hesabu zile wameandikiwa barua, yenye jina langu chini. Mkutano wa tarehe 28 ulifanyika. Nafasi imeenda kwa kikundi kingine. Mimi wamenipa mpaka Desemba, kupima programu upya tangu mgongano wa kwanza, na mtu wa pili wa kukagua kila ninachofanya. Ya baada ya Desemba hayajulikani.

Sitaki kukudanganya. Naona aibu. Nikiingia chumba cha chakula, mazungumzo yanashuka. Yule msichana anaandika sura yake upya na mwanga wa chumba chake unazimika mwisho. Naona heri niondoke sasa kuliko kukaa miezi minne natazamwa. Nimeanza kukunja nguo. Mwambie mama nakuja, lakini tafuta namna nzuri ya kumwambia.

Barnabas


Karibu na Oyugis
14 Septemba 2025

Kaka yangu Barnabas,

Nakusalimu sana. Liz mzima, Willis mzima, mama mkwe anasema nikuandikie kwamba amekusalimu kwa jina lako, si "ndugu yake Mama Liz".

Jambo hili sikutaka kulisema kwa simu. Nilimfunga Liz mgongoni nikaenda mpaka Kegonga. Nilimkuta mama anapeta wimbi la uji. Namna nzuri niliitafuta njia nzima sikuiona, nikasema tu kama ilivyo: kosa, kunyamaza, kusema, na nafasi kwenda.

Hakuacha kupeta. Akaniuliza, "Waliomshika ni nani?"

"Hakuna aliyemshika, mama. Alisema mwenyewe."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na hao watu wamemfukuza?"

"Hapana. Wamempa mpaka Desemba arudie kazi. Lakini anasema anakuja nyumbani sasa, anaona aibu. Ameanza kukunja nguo."

Hapo akaweka ungo chini. Unajua vile anaangalia mtu kama ni wewe umefanya. Akasema, "Watu wameambiwa makosa yake yote, na bado wamemwachia meza na kiti. Halafu yeye ndiye anawakimbia? Anakuja hapa kufanya nini, kuniangalia nikipeta? Huyo msichana anaandika upya peke yake, na aliyemharibia amelala nyumbani kwa mama yake?"

Nikasema, "Mama, kanisani utawaambia nini?"

"Nitawaambia anarudia kazi. Ombui akitaka zaidi, aende mwenyewe." Akachukua ungo wake. Akipeta, bila kuniangalia, akauliza, "Kule ni baridi Desemba, si ndiyo?"

"Sana."

"Basi mwambie akunjue hizo nguo azivae."

Nami nakuambia hivyo hivyo, kaka. Zikunjue.

Gesare